Tembo wamemaliza uwele wangu na sasa mwanangu analala shambani. Mliopitia haya mnafanyaje?

uwele_wa_mama
Ijumaa, 9 Mei, saa 11:05 jioni

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika haraka maana niko juu ya jiwe nyuma ya shule, ndipo intaneti inaposhika, na jua likizama lazima niwe nimeshuka. Siku hizi kwetu mtu hatembei baada ya magharibi.

Mimi ni mkulima, kusini magharibi mwa Wilaya ya Chamwino, upande ule ambao ukifuata njia ya ng'ombe mpaka mwisho unaingia bonde la mto Kizigo. Nina ekari sita. Nne nilipanda uwele, moja mtama, moja alizeti. Mvua ya mwaka huu haikuwa mbaya. Mwanzoni mwa Aprili uwele ulikuwa na masuke marefu kama mkono wa mtoto, nikawa nashinda shambani na binti yangu mdogo kuamia ndege, maana kwelea kwelea nao hawana huruma. Hesabu nilishapiga: chakula hadi mavuno yajayo, na magunia matano ya kuuza.

Usiku wa tarehe 14 Aprili wakaja. Hatukuwasikia wakifika. Watu hudhani mnyama mkubwa vile atatikisa ardhi, lakini tembo anatembea kama mtu aliyevua viatu. Nilichosikia ni mabua yakivunjika, taratibu, kama mtu anayekata miwa na hana haraka. Nikatoka na tochi ya simu. Nikaona mgongo mmoja, kisha mwingine, nikarudi ndani, nikawatoa watoto kitandani na kuwalaza katikati ya sakafu, mbali na ukuta. Nyumba yetu ni tembe. Ukuta wa udongo kwa tembo ni kitu gani?

Asubuhi nilipima kwa hatua: ekari mbili na kitu za uwele zimelala chini. Tangu siku hiyo wamerudi mara tatu. Mtama wote umekwenda, uwele umebaki ekari moja. Alizeti waliikanyaga tu wakipita.

Kuna jambo moja silisahau. Mavi yao yalikuwa yamejaa punje za mtama, nzima kabisa, hazijasagika. Kuku wangu wakaja wakaanza kudonoa mle. Nilisimama nikawaangalia muda mrefu. Mtama ule niliupalilia mara mbili, mara ya pili nikiwa na homa.

Mtendaji wa kijiji amekuja ameandika. Tunasubiri watu wa wilaya waje wapime. Lakini sijaja hapa kwa ajili ya fedha kwanza.

Mume wangu yuko Mtera kwenye uvuvi, anarudi kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo anayelala kwenye dungu ni kijana wangu wa miaka 13. Yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba. Anakesha na debe na tochi, akifika darasani anasinzia. Mwalimu ameniita mara mbili. Wiki iliyopita tembo walipita chini ya dungu lake, mmoja akasimama, akanyoosha mkonga juu akawa ananusa. Mtoto alizuia pumzi mpaka wakaondoka. Alinisimulia asubuhi mikono ikitetemeka, na jioni ile ile akachukua debe lake kwenda tena, kwa sababu anajua tusipolinda hatuli. Mimi mama yake nikamwacha aende. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mtama.

Fomu aliyojaza mtendaji ina mahali pa kuandika ekari na aina ya zao. Hapana mahali pa kuandika usiku. Mwanangu amelala nje usiku 25, na popote patakapoandikwa hasara yangu, usiku huo hautakuwamo.

Sasa naomba kujua. Yupo aliyefanikiwa kulinda shamba bila mtoto kulala nje? Nasikia pilipili, nasikia mizinga ya nyuki, nasikia kuhamia kwenye ufuta. Kipi kinafaa nchi kavu kama hii yetu, kwa mtu asiye na mtaji?

Na tafadhali, mtu asinishauri sumu. Jirani ameshaniambia niiweke kwenye maboga. Sitafanya. Maboga hayo hayo watoto wanayapita wakienda kisimani, na mnyama akifa fisi atamla, na mbwa wangu atamla fisi. Na hata kama hayo yasingekuwapo, bado nisingeweza. Nimewaona wale tembo kwa mwanga wa mwezi, walikuwa na mdogo wao.

---

kijana_wa_bahi
Ijumaa, 9 Mei, saa 11:40 jioni

Pole sana dada. Mimi niko Bahi na mwaka juzi tulimzika baba yangu mdogo. Alikuwa anatoka kuchota maji na baiskeli, alfajiri, akakutana naye kwenye kona ya njia. Sitaki kusema mengi. Nataka tu watu wanaopenda tembo wakiwa mjini wajue kwamba kule kwetu mtu akifa tunapewa kifuta machozi, na machozi hayajafutika mpaka leo.

Ushauri wangu: mtoe mtoto kwenye lile dungu leo. Uwele utalimwa mwakani. Sisi tulikuwa tunapiga madebe na mavuvuzela, mwezi wa kwanza walikimbia, mwezi wa pili wakawa wanainua masikio tu na kuendelea kula. Wanajifunza upesi kwamba debe haliumi. Tochi kubwa zenye mwanga mkali, zile za kumulika machoni, ziliwasumbua zaidi. Lakini watu wawe wengi na wakae mbali. Mtu mmoja na tochi moja ni hatari tupu.

---

mstaafu_wa_pori
Jumamosi, 10 Mei, saa 1:10 asubuhi

Mama, pole. Nilifanya kazi ya wanyamapori miaka 31, mingi yake Manyoni, na vijiji hivyo vya upande wa Kizigo nimevipita kwa mguu. Enzi zetu walituita mabwana nyama. Nitakuambia ninayoyajua, mengine yatakuuma.

Kwanza, kwa nini sasa. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yamepakana yenyewe kwa yenyewe na yameungana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa tembo hiyo ni nchi moja, mipaka ni yetu sisi. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria nchi nzima ina tembo zaidi ya 109,000. Ya mwaka 2014 ikakuta kama 43,000. Fikiria hiyo ni miaka mitano. Nilizika askari wenzangu miaka ile, na niliona mizoga iliyokatwa uso ili kutoa meno. Ujangili ukaja ukadhibitiwa, tembo wakaanza kupona. Lakini miaka ile walipokuwa wachache na waoga, watu nao walifungua mashamba mapya hadi kwenye njia zao. Kijana aliyeanza kulima mwaka 2012 hakuona tembo, akaamini hapana tembo. Leo wanarudi kwenye njia walizoonyeshwa na mama zao. Mkulima hakukosea, na tembo hakukosea. Aliyepaswa kusema mapema kwamba hapa ni ushoroba, yaani mapito ya wanyama, alichelewa, na katika kuchelewa huko mimi na wenzangu tumo.

Pili, chakula. Tembo mkubwa anahitaji kilo 150 hivi za majani kwa siku, na tumbo lake linasaga chini ya nusu ya anachokula. Ndiyo maana uliona punje nzima. Uwele ulioiva kwake ni kama kukuta sufuria imeshapakuliwa: chakula kingi, kizuri, mahali pamoja. Mara nyingi wanaovamia mashamba ni madume. Ukiona wamekuja na ndama, basi kundi la majike nalo limeshajifunza njia, na hilo si jambo la kulipuuza.

Tatu, hiyo fomu. Watu wengi wanaita fidia, lakini sheria haiiti hivyo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kuna kanuni za mwaka 2011 zinazotoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni zile zilihesabu umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililokuwa ndani ya nusu kilomita halikupata kitu. Kutoka nusu kilomita hadi kilomita moja, shilingi 25,000 kwa ekari. Ilipanda hivyo mpaka shilingi 100,000 kwa ekari kwa shamba lililo zaidi ya kilomita tano, na hesabu ilikoma kwenye ekari tano. Kifo kiliwekewa shilingi 1,000,000. Viwango vimeguswa tangu wakati huo, ofisa wa wilaya atakupa vya leo, lakini nataka uelewe namna inavyofikiriwa. Kwa ekari zako nne, kwa viwango vile vya 2011, hata ungekuwa mbali kabisa na mpaka ungepata laki nne. Haikukusudiwa ilingane na mavuno. Na usiku wa mwanao, umesema kweli, haumo.

Hata hivyo dai, na udai vizuri. Piga picha za nyayo, za mavi, za mabua yaliyovunjwa, simu ikionyesha tarehe. Majirani wawili waweke sahihi. Bwana shamba wa kata aandike zao lilikuwa limefikia hatua gani. Usisafishe shamba kabla mpimaji hajafika. Ukishindwa kusubiri, acha angalau kipande kimoja kama kilivyo. Nimeona madai mengi yakifa kwa sababu mpimaji alikuta shamba limelimwa upya. Na kila wakirudi, toa taarifa upya siku hiyo hiyo. Usiseme nimeshasema.

Nne, kijana wa Bahi amesema vyema. Mtoe mtoto.

---

uwele_wa_mama
Jumamosi, 10 Mei, saa 10:50 jioni

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na nashukuru kwa kutoficha.

Kijana wa Bahi, pole kwa msiba wa baba mdogo. Nimesoma maneno yako nikashuka kwenye jiwe moja kwa moja hadi shambani, nikamwambia mwanangu leo unalala nyumbani. Akaniuliza, "Na uwele?" Sikuwa na jibu. Jana usiku nimelala mimi kwenye dungu, watoto nikawapeleka kwa mama mkwe. Hawakuja. Nimesikia fisi tu na bundi.

Picha nilizipiga, lakini mabua nilishaanza kuwakatia ng'ombe. Nimeacha sasa.

---

nyuki_manyoni
Jumapili, 11 Mei, saa 4:20 asubuhi

Dada, umeuliza mizinga ya nyuki. Mimi ni mfugaji nyuki, upande wa Itigi, nitakueleza bila kukuuzia kitu.

Inafanya kazi. Tembo ana ngozi nene lakini nyuki humuuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga, na hasahau. Waliojaribu sana ni watu wa Kenya, kijiji cha Sagalla karibu na Tsavo, na mtafiti Lucy King. Wanatundika mzinga kila baada ya mita kumi kuzunguka shamba, wanaiunganisha kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka. Kati ya mzinga na mzinga unaweza kuweka wa bandia, kipande cha mbao tu, ili gharama ishuke. Tembo wengi wakifika pale wanageuka, ila wapo wanaopita. Usiitegemee kama ukuta.

Sasa piga hesabu ya kwako. Ekari sita zikiwa mraba, mzunguko wake ni kama mita 620. Hiyo ni mahali 62 pa kutundika, nusu ikiwa ya bandia unahitaji mizinga 31 yenye nyuki. Kwa mtu mmoja ni mzigo. Ndiyo maana nakushauri usianze na shamba lote. Anza na upande wanakotokea.

Tatizo letu huku kanda ya kati ni kiangazi. Nyuki wanafuata maua na maji. Agosti hadi Oktoba mizinga mingi inabaki mitupu, nyuki wamehama. Lakini angalia: tembo wako wamekuja Aprili na Mei, na huo ndio wakati nyuki wamo, maua ya mwisho wa masika bado yapo. Kwa hiyo ratiba inakubali, mradi usiwaache na kiu. Weka beseni la maji lenye vijiti vya kutulia, kila siku, kuanzia Julai. Wengi wanashindwa hapo tu.

Na jambo ambalo waleta miradi hawasemi: una punda? Nyumba nyingi Dodoma zina punda wa maji. Usimfunge karibu na mizinga hata dakika tano. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, na nyuki wetu ni wakali. Nilipoteza punda wangu hivyo mwaka wa pili wa kazi hii, nilimsikia nikiwa mbali nikashindwa kumfikia. Palizi ya karibu na mizinga fanyeni asubuhi sana.

Mtu akija kukwambia mizinga peke yake itakulindia uwele mwaka ujao, muulize amekaa Dodoma miaka mingapi.

---

mama_kondoa
Jumapili, 11 Mei, saa 9:00 alasiri

Mwenzangu, nimesoma nikalia kidogo pale kwenye kuku.

Sisi tuko upande wa Pori la Akiba la Swagaswaga. Huku kwetu Kolo kuna michoro ya kale kwenye miamba, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, na tembo wamo. Bibi yangu alikuwa akisema hawa si wageni, wageni ni nani. Mimi nikiwa na njaa sikutaka kumsikia.

Nakueleza tulichofanya. Tulianza na pilipili. Unazungushia kamba ya katani mistari miwili kwenye nguzo, mmoja usawa wa kifua, mwingine juu ya kichwa. Unafunga vitambaa, kanga zilizochakaa ni nzuri, hatua tano tano. Pilipili kichaa iliyokauka unaitwanga, funga pua na mdomo wakati wa kutwanga na watoto wasiwe karibu, halafu unachanganya na oili chafu ya fundi pikipiki na grisi kidogo. Kamba na vitambaa unavipaka vyote. Oili inashika pilipili isioshwe na mvua, na harufu yake nayo hawaipendi. Mvua kubwa ikinyesha paka tena. Jua likikausha paka tena. Mwaka wa kwanza waliingia mara mbili, na zote mbili waliingia pale ambapo sisi tulichoka kupaka.

Kitu cha pili, usiku tunachoma matofali ya mavi. Mavi ya ng'ombe au ya tembo mwenyewe, unayakanda na pilipili iliyotwangwa, unaanika mpaka yakauke kabisa. Usiku unayaweka kwenye makaa upande upepo unakotoka. Moshi ule hata wewe hutakaa. Haugharimu kitu, mavi tunayo.

Lakini nakuambia ukweli, pilipili haikutuokoa. Kilichotuokoa ni kuacha kulinda kila mtu kwake. Tulikuwa nyumba kumi na mbili, kila nyumba na dungu lake na mtoto wake juu. Watoto kumi na wawili wanakesha, na tembo anapita kwa yule aliyesinzia. Tukakaa tukasema tembo hawa wanatokea upande mmoja, kwenye korongo. Tukavunja madungu yote tukajenga mawili tu, marefu, kwenye miti mikubwa upande wa korongo. Kila usiku wanakwenda watu wazima watatu, tochi kubwa mbili, simu, na filimbi. Nyumba kumi na mbili, watu watatu kwa usiku, nyumba yako inakesha usiku mmoja na kulala mitatu. Walinzi wakiwaona tembo, hawawasogelei. Wanamulika, wanapiga filimbi, wanapigia simu wengine, na askari wa wanyamapori wa kijiji anajua. Mtoto chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi, tuliandika kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji.

Walikuwapo waliokataa. Mmoja alisema shamba lake liko katikati, tembo hamfikii mpaka awamalize wa pembeni, kwa nini akeshe? Tukamwambia sawa. Mwaka ule, wale wa pembeni hawakulima, wakahamia kwa ndugu, na yeye ndiye akawa wa pembeni. Alikuja mwenyewe kuomba zamu.

---

kijana_wa_bahi
Jumapili, 11 Mei, saa 2:15 usiku

Hii ya zamu nimeipenda mama. Kwetu kila mtu na lake. Na ufuta je? Kuna watu wamehamia ufuta kabisa.

---

mstaafu_wa_pori
Jumatatu, 12 Mei, saa 1:30 asubuhi

Ufuta tembo hawaufuati kama wanavyofuata nafaka, hilo kweli, na bei yake mara nyingi inazidi ya uwele. Lakini ufuta hauliwi na ugali. Mwaka bei ikianguka, mkulima aliyepanda ufuta mtupu ananunua uwele sokoni kwa bei ya mwenye duka. Nakushauri, mama, uwele uuweke karibu na nyumba na ufuta uwe nje, upande wanakotokea. Wakifika kwenye ukingo wasikute chakula mdomoni. Waliojaribu wanasema husaidia kidogo. Ekari zako sita zinatosha kujaribu.

Alichosema mama wa Kondoa kuhusu zamu ndicho nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema. Kaskazini, Enduimet chini ya Kilimanjaro, vikundi vya vijiji vinafanya hivyo hivyo kwa vifaa vya hatua kwa hatua: kwanza tochi, kisha honi, kisha fataki za pilipili kwa waliofundishwa tu. Unaanza na kile cha upole ili ukibakize kile cha ukali kwa siku ya shida. Wanaoanza na kelele kubwa kila usiku hubaki mikono mitupu, kama kijana alivyoeleza ya madebe.

Mkiunda kikundi, andikeni barua kupitia serikali ya kijiji kwenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, nakala kwa TAWA, mamlaka inayosimamia mapori ya akiba. Mkitaja tarehe, idadi ya tembo na njia wanayopita, mtu wa ofisini anaweza kupanga doria. Mkiandika "tembo wanatusumbua", barua itakaa. Wizara yenyewe iko Mtumba, mkoa huu huu wenu. Mtu wa Ngorongoro anasafiri siku nzima kuifikia, ninyi mnafika kwa basi la asubuhi. Litumieni hilo.

---

uwele_wa_mama
Jumapili, 25 Mei, saa 10:30 jioni

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nazunguka.

Jumapili ile ile mama wa Kondoa alipoandika nilikuwa nimeshatoka ibadani, kwa hiyo nikangoja wiki nzima. Tarehe 18, baada ya ibada, nikawaomba wenye mashamba ya upande wetu wabaki chini ya mbuyu. Tuko nyumba kumi na nne. Nikasoma maneno yenu kwenye simu kama yalivyo, hata yale ya punda. Wazee walikaa kimya. Halafu baba mmoja ambaye hata salamu huwa hanipi vizuri akasema, "Mimi nina wajukuu wawili juu ya dungu." Ndipo watu wakaanza kusema. Karibu kila nyumba ina mtoto nje usiku, na kila mmoja alidhani ni aibu ya nyumbani kwake.

Tisa wamekubali. Watano bado. Kwa watu watatu kila usiku, nyumba yangu inakesha mara moja kila siku tatu. Dungu moja limejengwa kwenye mkuyu upande wa korongo, la pili tunajenga wiki hii. Mume wangu amekuja, amesema atashika zamu zetu hadi mavuno yaishe Juni, samaki watasubiri. Zamu akiwa hayupo nitakwenda mimi.

Walikuja tarehe 21. Saba. Zamu iliwamulika kutoka mbali, simu zikalia nyumba zote, tukatoka na tochi tukasimama pamoja kwenye ukingo, hatukusogea. Walisimama muda mrefu wakitutazama. Yule mdogo alikuwa katikati ya miguu ya mama yake. Kisha wakageuka wakafuata korongo. Uwele wangu wa ekari moja tumeuvuna jana, magunia mawili na debe.

Ofisa wa wilaya alifika Jumanne akapima. Ameandika ekari nne. Nikamwuliza kama anaweza kuandika pia kwamba mtoto wa darasa la saba alilala nje usiku 25. Akasema fomu haina mahali hapo. Nikamwomba aandike pembeni, kwenye nafasi nyeupe. Alinitazama, akaandika.

Barua ya kikundi mwenyekiti ameipeleka, ina tarehe nne na njia mbili tulizochora. Mizinga tutaanza na sita, fundi seremala wa hapa ameahidi, na punda atahamia upande wa pili wa nyumba kwanza.

Kijana analala nyumbani. Siku mbili za mwanzo alikuwa anaamka saa nane usiku anakaa kitandani anasikiliza.

Mama wa Kondoa, nina swali. Huku pikipiki ni chache, fundi ana oili kidogo. Kuna mwenye trekta amenipa dumu la oili chafu ya trekta. Inafaa au mpaka ya pikipiki? Naenda mnadani Alhamisi kununua katani, nataka nijue kabla.

---

mama_kondoa
Jumapili, 25 Mei, saa 1:40 usiku

Ya trekta ni nzuri zaidi, nzito, inakaa. Ichuje kwanza kwa kitambaa, ina vumbi la chuma. Katani chukua ile nene ya kufungia ng'ombe, nyembamba inaoza msimu mmoja. Na mbegu za pilipili zipande sasa hivi karibu na unapomwaga maji ya kuoshea vyombo, usinunue ya sokoni, ni ghali na mwakani utahitaji nyingi.